Kiu, uzani na pumzi: kutenganisha uzee na ugonjwa kwa mbwa na paka

Paka mwenye afya hunywa maji kidogo, tena kwa siri. Mwenye nyumba anaweza kumaliza wiki bila kumwona bakulini. Kwa hivyo ukianza kumkuta kila asubuhi ameinamia karai la nguo, au analamba matone ya bomba la uani, kuna kitu kimebadilika ndani yake. Katika nyumba nyingi za Nakuru, Kisumu na Kakamega jibu huwa tayari: huyo amezeeka. Mbwa aliyekonda, paka asiyeruka tena dirishani, mbwa wa lango anayechelewa kuinuka, wote huingizwa kapu moja. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Uzee hupunguza misuli polepole, mwaka hadi mwaka, lakini haumkondeshi mnyama kwa miezi miwili huku anakula. Hauleti kiu. Haumfanyi ahemeke akiwa usingizini. Hayo yote yana majina, na mengi yana matibabu.

Uzee wenyewe huleta mvi mdomoni, usingizi mrefu, ngozi iliyolegea, na lenzi ya jicho kugeuka rangi ya kijivu chenye ubuluu. Watu huiita mtoto wa jicho, ilhali mara nyingi sivyo. Dondosha kipande cha pamba mbele ya mbwa, mahali penye mwanga wa kutosha. Pamba haina sauti wala harufu ya kumvutia, kwa hivyo akiifuata kwa macho, bado anaona.

Ile hesabu ya mwaka mmoja wa mbwa kuwa sawa na saba ya binadamu haisaidii. Paka wa miaka 10 hulinganishwa na mtu wa takriban miaka 56, na wa 15 na mtu wa 76. Kwa mbwa, ukubwa wa mwili ndio unaoamua: German Shepherd wa kilo 35 huanza uzee akiwa na miaka 7 au 8, mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20 kwenye miaka 9 hivi, na wale wadogo chini ya kilo 10 husukuma hadi 10 au 11. Kuanzia hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara mbili kwa mwaka hata kama haonyeshi ugonjwa.

Vipimo vitatu vya nyumbani

Anza na uzani. Mizani ya dijitali ya dukani, ile ya kupimia sukari na unga, inatosha kabisa kwa paka: weka katoni juu yake, irudishe kwenye sufuri, kisha mwingize paka. Mbwa unaweza kumbeba ukapanda naye kwenye mizani ya watu, halafu ukatoa uzani wako. Pima mara moja kwa mwezi, mizani ileile, na uandike. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kushuka hadi 63. Manyoya huficha jambo hili vizuri sana. Usingoje hata zifike 400; gramu 200 kwa mwezi zinatosha kukupeleka kliniki.

Maji yanataka siku tatu. Funika ndoo, karai na choo ili abaki na bakuli moja tu. Mimina lita moja iliyopimwa kwa chupa, na kesho saa ileile rudisha yaliyobaki kwenye chupa uone yaliyotumika. Mbwa mkubwa ataihitaji lita ya pili. Iongeze na uihesabu. Chukua wastani, ugawe kwa kilo zake. Paka anayepita mililita 50 kwa kila kilo kwa siku, au mbwa anayepita mililita 100, anakunywa kupita kiasi. Kwa paka wa kilo 4 hiyo ni mililita 200, karibu glasi nzima. Kwa mbwa wa kilo 20 ni lita 2. Joto la alasiri la Kisumu huongeza kiu, lakini haliifanyi iwe maradufu siku tatu mfululizo. Na tafadhali usimnyime maji usiku ili asikojoe ndani. Kama figo ndizo zenye shida, ataendelea kukojoa vilevile, na kufikia asubuhi mwili utakuwa umekauka.

Pumzi hesabu akiwa amelala fofofo mahali pa baridi. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, uzidishe kwa mbili. Mbwa na paka wote hukaa chini ya 30 kwa dakika. Zikizidi 30 usiku mbili au tatu mfululizo, huenda moyo umeanza kushindwa na maji yanaingia mapafuni, jambo ambalo sikio halitakuambia mpaka limekomaa. Paka anayehema mdomo wazi akiwa ametulia ni dharura ya saa hiyohiyo.

Kiu inatoka wapi

Kwa paka mzee, shuku figo kwanza. Figo moja ya paka ina vichujio vidogo karibu 200,000, ya mbwa karibu 400,000, na kichujio kikifa hakioti kingine. Vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa, na kwa miaka huwezi kutambua. Theluthi mbili zikishakwisha, figo hushindwa kukamua maji kutoka kwenye mkojo, na mnyama huanza kukojoa mkojo mwingi, mweupe kama maji. Watu hudhani anakojoa sana kwa kuwa anakunywa sana. Ni kinyume: anakunywa ili kufidia yanayompotea.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kipimo cha damu kilichozoeleka, cha kreatinini, taka inayochujwa na figo, hupanda vichujio vikishapungua kwa robo tatu hivi. Yaani kiu hutangulia, na karatasi ya maabara inaweza kusema yuko sawa ilhali figo zimeshaharibika sana. Isitoshe kreatinini hutoka kwenye misuli. Paka mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hivyo namba yake hushuka na kuuficha ugonjwa. Kipimo kiitwacho SDMA hakitegemei misuli na hupanda mapema zaidi, ila ni ghali na hakipatikani kila mahali.

Kwa hivyo omba mkojo upimwe uzito, yaani jinsi ulivyo mzito kuliko maji matupu. Tone moja linawekwa kwenye rifraktomita, kifaa kidogo kama darubini ya mkononi, na jibu hutoka papo hapo. Paka mwenye figo nzima hufikisha 1.035 au zaidi, mbwa 1.030. Mkojo unaokwama kati ya 1.008 na 1.012 kila unapopimwa unaonyesha kwamba figo hazikamui chochote. Kwa mbwa, kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa upawa safi uliofungwa kwenye kijiti kirefu, ukimtembeza kwa kamba. Paka mfungie chumbani usiku na karai lenye kokoto ndogo zilizooshwa kwa maji matupu na kukaushwa. Mchanga na udongo hunywa mkojo wote. Mkojo ufike kliniki ndani ya saa chache, au ukae kwenye friji.

Majibu ya damu yakija, madaktari hutumia ngazi nne za shirika la kimataifa la figo, IRIS. Kwa paka, kreatinini chini ya mikromoli 140 kwa lita ni ngazi ya kwanza, 140 hadi 250 ya pili, 251 hadi 440 ya tatu, na zaidi ya hapo ya nne. Kama sampuli ilipimwa kwenye maabara ya watu, puuza alama ya nyota inayosema namba iko juu, maana mpaka wa kawaida wa binadamu ni mwingine. Vilevile usikubali ngazi itajwe paka akiwa amekauka mwili. Aongezewe maji kwanza, kisha apimwe tena. Paka wengi wa ngazi ya pili huishi miaka, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huamuliwa na sahani.

Ndiyo maana lazima tuizungumzie omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Huku ziwani ni chakula cha paka tangu zamani, na kwa paka mzima ni kizuri. Kwa paka wa figo ni tatizo. Omena huliwa nzima, pamoja na mifupa na kichwa, na mifupa ni ghala la fosforasi. Ikikaushwa, fosforasi inabaki palepale huku maji yakiondoka, kwa hivyo kiganja kimoja kina nyingi ajabu. Figo mbovu haiwezi kuitoa. Hulundikana kwenye damu, huvuta kalsiamu kutoka mifupani, na kuua vichujio vilivyosalia. Minofu ya mbuta au sangara bila mifupa ina fosforasi kidogo zaidi kuliko samaki mzima. Ute mweupe wa yai uliopikwa una protini nzuri na karibu hauna fosforasi. Nyama ya kuku isiyo na mfupa iko katikati.

Lakini usimwage omena yote leo. Paka akigoma kula siku mbili au tatu, hasa aliyekuwa mnene, mafuta huvamia ini na yanaweza kumuua kabla ya figo. Changanya kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne, na akikataa rudi nyuma hatua moja. Paka anayekula chakula kibaya ana nafuu kuliko asiyekula kabisa. Minofu mitupu pia haina kalsiamu ya kutosha, na taurini, kirutubisho ambacho moyo na macho ya paka hukihitaji, huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Moyo wa kuku una taurini nyingi. Mpe kidogo, na supu yake isiyo na chumvi wala kitunguu. Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa mlo wa miezi, muombe daktari akukokotolee kalsiamu na dawa ya kunasa fosforasi inayochanganywa na chakula.

Kwenye ngazi ya tatu na ya nne, msaada mkubwa ni maji chini ya ngozi, na mwenye paka anaweza kujifunza kuyaweka mwenyewe. Mara nyingi ni mililita 100 za maji ya Ringer kwa paka wa kilo 4, kila siku au mara kadhaa kwa wiki, jinsi daktari atakavyosema. Laza mfuko kwenye sufuria ya maji vuguvugu mpaka uwe na joto la mwili. Maji baridi humuuma, na kesho atajificha uvunguni. Tundika mfuko juu ya kichwa chako, acha hewa yote itoke kwenye mpira. Vuta ngozi kati ya mabega iwe kama paa la hema, ingiza sindano chini ya paa hilo sambamba na mgongo, kisha fungua. Manyoya yakilowa papo hapo, umetokeza upande wa pili. Uvimbe laini utajitokeza na huenda ukashuka hadi mguuni. Baada ya saa kadhaa huwa umenyonywa. Sindano mpya kila mara. Mfuko wenye glukosi usiuweke kamwe chini ya ngozi, kwa sababu huvuta maji ya mwili na kukaribisha vidudu. Na paka mwenye ugonjwa wa moyo asipewe bila daktari kupima kwanza, maana maji yanaweza kuishia mapafuni.

Kiu ina vyanzo vingine. Paka mzee anayekula kwa pupa, hapati usingizi, anapiga kelele usiku na bado anakonda, huenda tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Hiyo inapimwa kwa damu na ina tembe. Figo na thairoidi zote hupandisha shinikizo la damu. Paka aliyepofuka ghafla, mboni zimetanuka, apimwe siku hiyohiyo: likipita 180, macho na ubongo viko hatarini, na amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo, huweza kuokoa uwezo wa kuona akiwahiwa. Kisukari nacho huleta kiu na kukonda, ila woga wa kliniki pekee unaweza kupandisha sukari ya paka, kwa hivyo tone moja la damu sikioni halitoshi. Sukari itafutwe pia kwenye mkojo.

Kwa mbwa jike mzee ambaye hajafungwa kizazi, na hao ndio wengi katika maboma yetu, kiu wiki nne hadi nane baada ya kipindi chake cha joto la kupandwa ichukuliwe kuwa usaha kwenye mji wa mimba mpaka ithibitishwe vingine. Wakati mwingine usaha unatoka na kunuka. Wakati mwingine mlango umefunga, hutoki kitu, tumbo linajaa, anatapika. Huyo wa pili ndiye aliye karibu na kifo. Antibiotiki peke yake haitoshi. Anahitaji upasuaji wa kuutoa mji wenyewe, na kila siku ya kungoja humpunguzia nafasi ya kupona.

Maumivu, na tembe za duka la dawa

Paka mwenye viungo vilivyolika mara nyingi hachechemei. Huacha kuruka, huacha kulamba mgongo wake mpaka manyoya yanashikana, hukojoa kando ya karai kwa kuwa ukingo ni mrefu. Mbwa huinuka kwa hatua mbili, huku miguu ya nyuma ikitetemeka. Baridi ya Nakuru, mji ulio mita 1,850 hivi juu ya bahari, huzidisha ugumu huo asubuhi. Gunia lililojazwa nyasi kavu juu ya mbao, mbali na saruji, husaidia sana. Kumpunguzia mbwa mnene uzani husaidia kuliko tembe nyingi.

Na tembe ndizo zinazoua. Parasetamoli ya miligramu 500, ile Panadol ya kawaida, ni sumu kwa paka: ini lake halina kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja. Madhara yameonekana kuanzia miligramu 10 kwa kilo, yaani miligramu 40 kwa paka wa kilo 4, chini ya sehemu ya kumi ya tembe moja. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba, damu haibebi tena oksijeni. Ipo dawa ya kuipinga, asetilisisteini, lakini ni ya kuwahiwa ndani ya saa chache. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuzizima figo zake.

Meloksikamu ni dawa halali ya mifugo, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Mbwa hupewa miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku, pamoja na chakula, baada ya figo kupimwa. Mbwa wa kilo 15 basi anahitaji miligramu 1.5. Tembe ya watu ya 7.5 ni mara tano ya hiyo. Kwa paka, kipimo cha kila siku kinachoruhusiwa Ulaya ni 0.05 kwa kilo. Kwa paka wa kilo 4, tembe hiyohiyo ni zaidi ya mara 37. Marekani hairuhusu hata kurudia dozi kwa paka, kwa sababu ya figo. Kinyesi kikiwa cheusi au akianza kutapika, acha dawa mara moja. Asipewe pamoja na dawa za steroidi kama deksamethasoni au predinisoloni. Mwulize kila anayemdunga sindano ni ya nini.

Huenda umesikia habari za sindano mpya za mwezi kwa mwezi, kingamwili zinazozuia protini inayobeba ujumbe wa maumivu kwenye neva. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Solensia ya paka Januari 2022 na Librela ya mbwa Mei 2023. Faida yake ni kwamba haziondolewi mwilini kupitia figo au ini jinsi tembe zinavyoondolewa. Desemba 2024 FDA iliwaandikia madaktari kuhusu taarifa za mbwa waliopata degedege, kuyumba na kushindwa kuzuia mkojo baada ya Librela. Taarifa si uthibitisho kwamba sindano ndiyo chanzo, lakini ni sababu tosha ya mbwa mwenye kifafa au udhaifu wa miguu kuchunguzwa kwanza.

Sumu nyingine hutoka zizini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye permethrini au saipamethrini humfanya paka atetemeke hadi kufa, hata akijilaza tu kando ya mbwa aliyelowa. Amitrazi hupunguza mapigo ya moyo na kupandisha sukari, mambo mawili ambayo mbwa mzee hayahimili. Kupe lazima waondoke, ila kwa dawa yenye picha ya mnyama wako na kilo zake.

Nao kupe wana njama yao. Kupe wa kahawia humwachia mbwa bakteria wa Ehrlichia wanaoweza kujificha miezi au miaka. Baadaye mbwa anakonda, ufizi unapauka, anatokwa damu puani, na kila mtu anasema umri umefika. Kipimo cha chembe sahani, zile za kugandisha damu, huleta fununu, na antibiotiki ya doksisaikilini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kilo kila siku, hutolewa kwa siku 28. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya saba kwa kuwa ameanza kula.

Mabadiliko ya tabia yanataka uangalifu. Mbwa mzee anayesimama kwenye kona asijue pa kutokea, anayekesha na kulala mchana, huenda ubongo wake unazeeka kweli. Lakini mbwa aliyebadilika ndani ya siku chache, sauti imekwaruza, taya limelegea, mate yanatiririka, asiguswe. Wengi hudhani amekwamwa na mfupa na kumwingiza mkono mdomoni, kumbe ni kichaa cha mbwa. Kisumu na Siaya ziliwekwa miongoni mwa kaunti za kwanza katika mpango wa taifa wa 2014 hadi 2030 wa kutokomeza ugonjwa huu, na chanjo haina umri wa kustaafu. Akikuuma au mate yakiingia kidondani, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo.

Unapochagua wa kumtibu, uliza kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kama sheria ya 2011 inavyotaka. Muuzaji wa agrovet anaweza kuwa mjuzi wa kuku na ng'ombe na bado asijue kwamba paka havunji dawa kama mbwa.

Siku ikifika ambapo hali chakula, hainuki, na kalenda yako ina alama nyingi za siku mbaya kuliko nzuri, muombe daktari ampe kwanza sindano ya usingizi, ndipo afuatishe pentobabitali kwenye mshipa. Moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi na pumzi moja au mbili huweza kutoka baadaye. Hana habari tena wakati huo. Pentobabitali haiozi pamoja na nyama. Chimba zaidi ya mita moja, mbali na kisima, na uweke mawe mazito juu, kwa sababu mbwa wa jirani au korongo wa jalalani akimfukua na kumla, naye atakufa.